Jiko Lisilofuka Moshi Ndilo la Kuogopwa

Kila mwaka baridi inapotanda katika nyanda zetu za juu, baina ya Juni na Agosti, magazeti huchapisha habari ileile fupi ambayo hubadilika majina tu. Watu wa nyumba fulani hawakuonekana asubuhi. Majirani walibisha hodi pasi na jibu, wakauvunja mlango, wakakuta maiti kitandani na jiko la makaa limezimika sakafuni. Kisha mwandishi huifunga habari yake kwa kauli ambayo sasa imekuwa kama ada: yasemekana marehemu waliuawa na moshi wa jiko. Mimi ni mwalimu wa lugha, si wa sayansi, na ni neno hilo moja, moshi, ninalolilalamikia leo. Naamini kwamba limewapoteza watu wengi.

Hebu tulitazame. Moshi kwa Mswahili ni kitu kionekanacho. Huwasha macho, hukereketa koo, huacha masizi darini. Panapofuka moshi pana moto, walisema wahenga, nasi tumezoea kuuchukua moshi kuwa dalili ya hatari na kukosekana kwake kuwa dalili ya usalama. Mama aliyeambiwa kwamba moshi wa jiko huua atafanya lile ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angelifanya. Ataliwasha jiko lake nje, alipepee kwa kipande cha katoni, angoje hadi makaa yashike vyema, moshi ukome na makaa yageuke mekundu. Hapo ndipo ataliingiza chumbani, afunge dirisha, azibe kwa gunia ule upenyu ulio chini ya mlango, awalaze wanawe. Amelitii onyo tulilompa, neno kwa neno. Onyo lenyewe ndilo bovu.

Kinachoua ni gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha, wala haimkohozi mtu. Moshi wa makaa yanayoanza kushika nao una gesi hiyo ndani yake, ila moshi una adabu ya kujitangaza. Mwenye kukohoa hutoka nje. Makaa mekundu hayajitangazi.

La kushangaza ni kwamba jambo hili halijawahi kuwa siri ya wataalamu. Kwa miaka mingi mtaala wa 8-4-4 uliliweka katika kemia ya Kidato cha Pili, kwenye sura ya kaboni na michanganyiko yake, na mfano uliotumiwa ulikuwa jiko la makaa lenyewe. Hewa huingia kwa ule mlango mdogo wa chini, wa kutolea majivu. Oksijeni hukutana na makaa ya chini, yakaungua kwa joto kali, ikapatikana kaboni dioksidi, ile tunayoiita hewa ukaa. Hewa hiyo hupanda, na njiani hupita katikati ya makaa mengine mekundu ambayo hayana oksijeni ya kutosha. Hapo kaboni ya makaa humnyang'anya mgeni wake sehemu ya oksijeni aliyoibeba, na kutokana na kila molekuli moja ya kaboni dioksidi hutoka molekuli mbili za kaboni monoksidi. Zikifika juu ya jiko, palipo na joto la kutosha na hewa safi, nyingi huwaka tena kwa ndimi ndogo za rangi ya samawati, zikarudi kuwa kaboni dioksidi. Zisizowaka hutoroka chumbani.

Mwanafunzi aliyeielewa picha hiyo ataona mwenyewe kwa nini usiku ndio wakati mbaya. Chumba kimefungwa, oksijeni yapungua saa baada ya saa, na kadiri inavyopungua ndivyo gesi ya kuua inavyozidi kutoka bila kuungua. Makaa nayo yanapopoa, zile ndimi za samawati huzimika kabla makaa hayajazimika, kwa hiyo kilichokuwa kikiteketea juu ya jiko sasa chapita kizima. Mtu anayeyafukia makaa kwa majivu ili yadumu mpaka alfajiri ameurefusha muda huo hasa.

Mwaka juzi mwenzangu wa kemia alikwenda semina, nami nikaombwa kukaa na darasa lake la Kidato cha Tatu kwa vipindi viwili. Nikawauliza wanafunzi habari za jiko. Walinitajia milinganyo yote mitatu bila kukwama, na mmoja alisimama ubaoni akalichora jiko kwa ustadi ulionipendeza. Kisha nikauliza ni wangapi ambao katika majira yale ya baridi walilala katika nyumba iliyokuwa na jiko ndani. Wengi wao waliinua mikono. Msichana aliyeketi karibu na dirisha akanijibu kwa heshima, kana kwamba ananiondolea wasiwasi: "Lakini mwalimu, sisi huliingiza likishaacha moshi." Aliyesema hivyo ndiye aliyelichora jiko ubaoni.

Sikumlaumu, wala simlaumu mwalimu wake. Somo lilifundishwa sawasawa na likatahiniwa sawasawa. Lakini jiko la daftarini na jiko la nyumbani havijawahi kujuana, na lugha imechangia katika kuvitenga. Darasani msichana yule husikia jina la Kiingereza la gesi, nyumbani na redioni husikia moshi. Hakuna aliyemwambia kwamba mambo hayo mawili yanahusu kifo kimoja.

Tuangalie kinachotokea mwilini. Damu yetu hubeba oksijeni kwa himoglobini, ambayo naomba niifananishe na matatu yenye viti vinne. Oksijeni ni abiria mwungwana. Hupanda mapafuni, hushuka kwenye misuli au ubongo, gari likarudi tupu kuchukua wengine. Kaboni monoksidi hukishika kiti kwa nguvu zipatazo mara 200 hadi 250 kuliko oksijeni, na ikikaa haishuki kwa urahisi. Si hayo tu. Ikishaketi, hata zile oksijeni zilizo katika viti vilivyosalia huwa nzito kushuka zinapofika kituoni. Kwa hiyo mtu huweza kuvuta pumzi kwa utulivu, kifua kikipanda na kushuka kama cha mtu mzima wa afya, na huku ubongo wake unakufa njaa ya hewa.

Wala kiasi kinachohitajika si kikubwa. Hewa yenye sehemu 400 za gesi hii katika kila sehemu 1,000,000 humwumiza mtu kichwa kwa muda wa saa moja au mbili, na akiendelea kuivuta maisha yake yamo hatarini. Ikifika sehemu 1,600, ambazo ni chini ya sehemu mbili katika kila elfu, kizunguzungu na kichefuchefu huja kwa dakika 20 na mauti yaweza kufika ndani ya saa mbili. Aliyelala huenda asiamke kabisa. Aliyeamka hukuta miguu haimtii, kwa sababu gesi hii huleweshwa akili na kulegeza viungo kabla ya kuua. Ndiyo maana maiti wengine hukutwa hatua mbili tu kutoka mlangoni.

Maarifa haya ni ya zamani. Mfaransa Claude Bernard alikwisha kueleza katika miaka ya 1850 jinsi gesi hii inavyoifukuza oksijeni katika damu. Mwingereza John Scott Haldane aliichunguza miaka ya 1890 kwa kuivuta yeye mwenyewe, akaonyesha kwamba wachimbaji wengi wa makaa ya mawe waliokufa baada ya milipuko hawakuuawa na mlipuko bali na hewa iliyobaki. Yeye ndiye aliyependekeza wachimbaji wateremke na viumbe wadogo ambao huathirika haraka kuliko mtu, na ndege wadogo wa aina ya kanari wakaendelea kufanya kazi hiyo katika migodi ya Uingereza hata 1986 ilipoamuliwa nafasi yao ichukuliwe na vifaa vya kisasa.

Walimu wa fasihi watamkumbuka Émile Zola, aliyeandika riwaya ya Germinal, 1885, juu ya taabu za wachimbaji wa makaa ya mawe kaskazini mwa Ufaransa. Usiku wa kuamkia Septemba 29, 1902, yeye na mkewe walilala katika nyumba yao mjini Paris, moto umewashwa chumbani kuondoa baridi. Dohani ya moto huo, yaani bomba la kutolea moshi, ilikuwa imeziba. Waliamka usiku wakijisikia wagonjwa, wasiwaite watumishi. Zola aliinuka kwenda dirishani, akaanguka kabla ya kulifungua. Mkewe aliokolewa, yeye alikwisha kufa. Kwa kuwa mwaka 1898 alikuwa amemtetea hadharani Dreyfus, yule afisa Myahudi aliyesingiziwa uhaini, wako waliodai kwamba dohani ilizibwa makusudi na mahasimu wake, na ubishi huo haujaisha. Kwa leo yanitosha kwamba mtu aliyejua mengi kuhusu makaa ya mawe kuliko waandishi wengi wa zama zake aliuawa na moto wa chumbani mwake, na chumba kile kilikuwa na dohani.

Nchi za baridi kali zimeishi na tanuri za kuni na za makaa ya mawe majumbani kwa karne nyingi, na sheria zake za usalama zilitokana na misiba. Kule Urusi tanuri la nyumbani lilikuwa na kifuniko ndani ya dohani, nacho hufungwa moto ukiisha ili joto lisikimbie. Aliyekifunga mapema, makaa yakali na wekundu, aliirudisha gesi chumbani, na wengi waliangamia kwa uchu wa kuhifadhi joto la saa moja zaidi. Korea Kusini watu walipasha joto sakafu za nyumba kwa makaa ya mawe yaliyofinyangwa kama mitungi yenye matundu. Gesi ikapenya kwa nyufa za sakafu, na vifo vya namna hiyo vilikuwa jambo la kawaida miaka ya 1960 na 1970. Wala tusidhani kwamba ni mambo ya kale. Februari 2021 jimbo la Texas, Marekani, lilipopigwa na baridi kali na umeme ukakatika, watu walioishi maisha yao yote kwa swichi waliingiza ndani majiko ya kuchomea nyama, na hospitali zikajaa wagonjwa wa kaboni monoksidi.

Kwetu pia zipo nyumba zenye mahali pa kuotea moto na dohani, hasa zile za zamani za Limuru, Kericho na Molo, na siku hizi wenye uwezo wanajenga mpya. Wenye nyumba hizo wana mambo machache ya kuzingatia. Dohani ifagiliwe walau mara moja kwa mwaka kabla ya baridi, kwani ndege hujenga viota ndani yake na kuni mbichi huipaka utomvu mweusi kama lami, ambao siku ukishika moto huweza kuteketeza paa. Kabla ya kuwasha, washa kipande cha gazeti ukishike karibu na mdomo wa dohani. Moshi wake ukirudi chumbani badala ya kupanda, usiwashe. Kifuniko, kama kipo, kisifungwe mpaka majivu yamepoa kabisa, na majivu yenyewe yatolewe kwa chombo cha bati chenye kifuniko, yawekwe nje mbali na ukuta wa mbao, maana kaa huweza kulala hai ndani ya majivu kutwa kucha. Vipo pia ving'ora vya betri vinavyolia gesi hii inapozidi. Aliyeweza kujenga dohani hana udhuru wa kutonunua king'ora.

Lakini wengi wetu hatuna dohani. Tuna jiko la bati lenye moyo wa udongo uliochomwa, lililoenea nchini tangu miaka ya 1980, na ambalo lasifiwa kwa haki kwamba linapunguza makaa yanayotumika. Kupunguza makaa si kuondoa gesi. Hata zile briketi za vumbi la makaa, zinazouzwa kwa sifa ya kutotoa moshi, ni kaboni ileile. Na nyumba zetu nazo zimebadilika. Nyumba ya nyasi ya wazee wetu ilikuwa na moto katikati usiku kucha, lakini ilikuwa inapumua. Moshi ulitafuta njia kupitia mapaa na hewa baridi ikaingia kwa mwanya kati ya ukuta na paa. (Isidhaniwe kwamba naisifu, macho na vifua vya bibi zetu viliilipa gharama yake.) Chumba cha leo cha mawe, chenye dari na madirisha ya kioo, au cha mabati kilichopigwa makatoni na karatasi za plastiki kwa ndani, hakipumui. Tulichukua desturi ya moto wa ndani tukaipeleka katika nyumba isiyoiweza.

Kuna jambo jingine ambalo madaktari wanalijua na wananchi hawalijui. Si kila anayevuta gesi hii hufa. Wengi huamka asubuhi na kichwa kizito, kichefuchefu na viungo vilivyolegea, wakasema ni malaria, ama homa ya tumbo, au wakashukiwa kwamba walilewa. Hununua vidonge, hushinda nje kazini, jioni wakahisi nafuu na kuvisifu vidonge, kisha wakarudi katika chumba kilekile. Ukiona kwamba watu wote wa nyumba wameumwa kichwa asubuhi moja, na kwamba kila mmoja hupata nafuu akitoka nje, litazame jiko kabla ya kuulaumu mbu. Mjamzito awe wa kwanza kuchunguzwa hata kama hajihisi vibaya, kwa sababu mtoto aliye tumboni huumia zaidi ya mama yake.

Nimesikia pia kinga za kila aina. Wako wanaoweka sufuria ya maji juu ya jiko, wakidai maji huinyonya sumu. Gesi hii haiyeyuki katika maji kwa kiasi cha kumfaa mtu yeyote. Wako wanaolala kitanda cha juu kwa kuwa eti sumu hutulia sakafuni, na wako wanaolala sakafuni kwa hoja iliyo kinyume. Uzito wa kaboni monoksidi unakaribiana mno na wa hewa, kwa hiyo huenea chumba kizima. Maziwa, ambayo kwetu ni dawa ya kila sumu, hayaigusi gesi iliyokwisha kuingia katika damu.

Sisemi kwamba watu wakae na baridi. Ninayeandika nimeishi Kinangop, na anayedhani kwamba blanketi moja latosha huko mwezi wa Julai na aende akajaribu. Ninachosema ni kwamba jiko na usingizi visikae chumba kimoja. Kama ni lazima chumba kipate joto, na kipashwe jioni watu wakiwa macho, mlango na dirisha la upande wa pili vikiwa wazi, na kabla ya yeyote kufumba macho jiko litolewe nje, lisirudi hadi asubuhi, liwe jekundu au la kijivu. Dirisha lililoachwa wazi hupunguza hatari tu, haliimalizi. Maji yaliyochemshwa kwa jiko hilohilo, yakatiwa katika chupa ya mpira na kuviringwa kitambaa, humpa aliyelala joto la saa kadhaa bila kumdhuru. Na wewe mwajiri unayempa bawabu wako mkebe wa makaa akajifungie nao kibandani, mpe koti zito.

Waandishi wa habari nao wana sehemu yao. Watuandikie kwamba marehemu waliuawa na gesi ya makaa. Maneno matatu tu, wala hayaongezi urefu wa habari. Nina matumaini kwamba mama atakayelisikia neno gesi hatangoja moshi ukome. Mwalimu wa kemia, kwa upande wake, akishalichora jiko ubaoni, achore na chumba kulizunguka, chenye mlango, dirisha na kitanda, kisha awaulize wanafunzi gesi inakwenda wapi.

Na ikitokea umeitwa usiku kwa jirani ukakuta hali hiyo, kumbuka kwamba gesi iliyowaangusha ingali chumbani inakungoja wewe. Vuta pumzi nje, ishikilie, fungua mlango na madirisha, toka uvute nyingine, ndipo uwaburure watu nje mmoja mmoja. Wapelekeni hospitali hata wakizinduka na kusema wamepona. Katika hewa ya kawaida damu huchukua saa nne au tano kuondoa nusu tu ya gesi hiyo. Kwa oksijeni safi ya hospitalini huchukua saa moja au moja na nusu. Mkifika, neno la kwanza kumwambia daktari liwe kwamba ndani kulikuwa na jiko la makaa. Kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni aghalabu hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksidi. Chaweza kuonyesha kiwango kizuri kabisa kwa mtu anayekufa, akarudishwa nyumbani.